Fisi Asiyekula Mifupa

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kwamba mtu mzima anaweza kubishiwa, nilionywa mara mbili kuhusu fagio. Onyo la kwanza lilikuwa la mama, nyumbani kwetu Sekei, mjini: ukifagia jua likishazama unafagia baraka za nyumba, unazitupa nje pamoja na maganda ya viazi. La pili lilikuwa la kijijini, juu huko magharibi ya Mlima Meru, na huko halikusemwa kwa sauti. Lilinong'onwa kwenye foleni ya maji: mwanamke anayefagia uwanja wake jioni ana kitu anachokifutia nyayo.

Sasa bibi yangu alifagia jioni. Koko, ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita bibi, alifagia kila jioni ambayo mvua haikunyesha. Alichukua fagio lake la vijiti, alilolifunga mwenyewe kwa kamba ya mgomba, akaanzia kwenye lango la miiba na kurudi kinyumenyume, akapita zizi la mbuzi, mpaka mlangoni. Akimaliza, uwanja ulikuwa umelala kama shuka lililotandikwa. Vumbi la kwetu limechanganyika na majivu ya mlima, na mwezi wa sita, baridi ikikaza na mvua zikiwa zimekwisha, linakuwa laini kama unga wa ngano. Baada ya hapo hakuna kutoka. Nikibanwa na haja nipite pembeni, juu ya majani makavu ya migomba, kwa kunyata, na bado asubuhi aliniuliza, "Ulitoka mara mbili?"

Msidhani alikuwa bibi mpole wa kupakata wajukuu. Alikuwa mjane mkali, Mlutheri wa benchi la pili, na hakumwamini mtu yeyote. Maziwa aliyoyakamua mwenyewe aliyanusa kabla ya kunywa. Ukimsalimia kwa kuinamisha kichwa akuguse utosini, kama adabu yetu inavyotaka, aliuacha mkono wake pale muda mrefu kidogo kuliko bibi za wenzako, kama vile anatafuta unachoficha.

Nikiwa darasa la tatu nilipelekwa kwake likizo nzima ya mwezi wa sita. Asubuhi ya kwanza aliniamsha jua halijatoka, akaniongoza uwanjani, mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo, akainama.

"Naserian. Huyu nani?"

"Paka."

"Paka wa nani mwenye mguu kama sahani? Huyo ni chui. Tazama, kucha ziko wapi?"

"Hazipo."

"Anazo. Anaziingiza ndani anapotembea, kama mgeni anayekuja kukuomba shamba."

Asubuhi baada ya asubuhi akanifundisha. Chui ana mguu wa duara usio na kucha. Akiingia zizini anamshika mmoja tu, kooni, anaacha matundu ya meno yake pale, kisha anambeba na kwenda kumpandisha mtini huko msituni ale kwa nafasi. Koko alimwita mwizi mwenye adabu. Mbweha anakanyaga kidogo, kwa haraka, kama mtoto aliyetumwa dukani. Na fisi, ambaye Koko hakumtaja kwa jina kabla jua halijapanda vizuri, alimwita mchechemeaji.

"Mguu wake wa mbele mkubwa, wa nyuma mdogo," alisema, "kama amevaa viatu vya watu wawili. Kucha zake butu, na zipo wazi. Na akipita njia yako utajua kwa choo chake. Kikikauka kinakuwa cheupe, kama chokaa. Kwa nini?"

"Sijui, Koko."

"Kwa sababu anakula mifupa! Huyo hakuachii kitu. Akija kwako, asubuhi unatafuta mbuzi unaokota pembe, na shukuru."

Kisha mbwa. Mbwa wa nyumbani akionja kuua, Koko alisema, ni mbaya kuliko wote, kwa sababu hajui kuua na hana njaa. Anang'ata masikio, anang'ata mapaja ya nyuma, anamwacha huyu anafuata yule, halafu anarudi kwao kulala. Mguu wake wa mbele na wa nyuma karibu sawa, vidole viwili vya katikati vimetangulia, kucha zimechoma chini.

Nataka hili lieleweke mapema, maana ndilo linalonikera mpaka leo. Ujuzi huu haukuwa wa Koko peke yake. Kijiji kizima kilikuwa nao. Watoto wa rika langu waliochunga mbuzi walinicheka siku nilipochanganya mbweha na kijibwa. Neema, binti wa jirani yetu, aliniambia, "Nyie wa mjini mnasoma nini huko shuleni?" Wanaume wa pale walikuwa wamelelewa nyuma ya mikia ya ng'ombe. Mwanamume wa kwetu asiyeweza kutofautisha fisi na mbwa ni sawa na mpishi asiyejua chumvi na sukari. Hayupo.

Basi, mwaka ule kulikuwa na nyumba mpya iliyopakana na shamba la Koko. Ilikuwa ya mtu wa mjini ambaye wote walimwita Bosi, na mimi sikuwahi kusikia jina lake jingine. Alijenga ukuta na geti jekundu la chuma, na nje ya ukuta akatoa bomba, watu wachote maji bure. Kabla ya hapo akina mama walishuka korongoni na ndoo kichwani na kupanda nazo. Kwa hiyo Bosi alipendwa. Alikuja mwishoni mwa wiki tu. Siku nyingine nyumba ilikuwa ya mlinzi na ya mbwa wakubwa, weusi mgongoni, waliopikiwa wali na nyama kwenye sufuria ambazo kwetu tungepikia harusi.

Bosi alitaka shamba la Koko, gari lake lipate njia nzuri kutoka barabarani. Koko hakutaka. Mjomba Lesikar, mtoto wa kiume pekee wa Koko, alitaka. Mjomba alikuwa mtu wa maneno matamu. Utotoni alianguka mtini akavunjika mguu, na tangu hapo mguu wake wa kulia ulielekea nje alipotembea, kana kwamba unataka kwenda njia yake.

"Mama, migomba yenyewe imezeeka," alimwambia mbele yangu.

"Na mimi je? Utaniuza lini?"

"Aa, mama, unachukua utani kwa ubaya."

"Sijasikia utani hapo, Lesikar."

Wiki ile ile, alfajiri, tulisikia Mama Neema akipiga yowe. Tulikimbia. Mbuzi wake walikuwa wametapakaa uwanjani kama nguo zilizodondoka kutoka kwenye kamba. Wote wamekufa isipokuwa mmoja mwenye mimba aliyejibanza nyuma ya jiko. Masikio yamechanwa, mapaja ya nyuma yametobolewa ovyo, matumbo yote mazima. Hakuna hata kipande kilicholiwa.

Wanaume walikuja na fimbo zao, wakasimama. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa kikohozi na koti la suti, aligeuza sikio la mbuzi mmoja kwa ncha ya fimbo. Alilitazama sana.

"Fisi," akasema.

Nilisubiri mtu acheke. Kijana mmoja alisema, "Balozi, fisi gani asiyekula mifupa?"

Akajibu Mjomba Lesikar, kwa upole kabisa. "Fisi wa porini anakula. Fisi wa kutumwa hali. Ametumwa kuua tu."

Nilisikia watu wakishusha pumzi, na haikuwa pumzi ya hofu. Ni ile ya mtu aliyetafuta neno akalipata. Baadaye, chuoni, kwenye midahalo, nimekutana sana na hoja ya aina hiyo na siku zote inanipandisha damu: hoja inayonenepa kwa kukosa ushahidi. Hakula? Basi ametumwa. Nyayo si za fisi? Amebadilishwa miguu. Utaishinda wapi? Lakini nilikuwa mtoto, na nilichoona ni kwamba watu walitazama mbuzi, wakatazama migomba, wakatazama mlima. Walitazama kila mahali isipokuwa alipokuwa amesimama Koko.

Tukirudi nyumbani aliniuliza, "Umeona walivyosimama?"

"Walisimama tu, Koko."

"Hawakukanyaga nyayo. Walizipita pembeni, kila mmoja, hata yule mzee wa kikohozi. Mtu akwepe asichokiona?" Alitema mate pembeni. "Sikiliza. Huyo fisi wao atarudi. Atarudi mpaka mimi nihame hapa. Nikishahama, ataacha."

Ndilo onyo alilonipa, na nililishika vibaya. Nilidhani amekiri. Mtu anajuaje fisi ataacha lini kama si wake? Siku hizo nilianza kumchungulia. Alipofagia jioni nilikaa mlangoni nikitazama mikono yake, nikatazama kama midomo inatembea. Ilitembea. Siku moja nilijongea nikasikia: alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, tena kwa kukosea beti.

Kijijini mambo yalibadilika bila mtu kusema kitu. Neema hakuja tena kucheza. Bombani ndoo yangu ilisogezwa nyuma, nikairudisha, ikasogezwa tena. Jumapili, kwenye benchi la pili, pembeni ya Koko pakabaki nafasi ya kulaza mtoto. Alikaa sawasawa, akaweka mkoba wake kwenye ile nafasi na kusema kwa sauti ya kusikika, "Leo tumestarehe."

Mjomba alikuja na sukari na sabuni. "Mama, nenda Sekei kwa dada ukapumzike. Hapa watu wana hasira. Mimi nitaangalia shamba."

"Ulishaanza kuliangalia zamani," Koko alisema.

Tukapewa taarifa kwamba Jumamosi asubuhi balozi angekuja na wazee kuzungumza na Koko. Kuzungumza, eti. Jirani mwingine alikwisha kumwambia mama kwa simu kwamba aandae kitanda.

Ijumaa ile jioni Koko alifagia uwanja wetu kama kawaida. Kisha akafungua lango la miiba akaendelea. Alifagia njia nzima, kutoka kwenye geti jekundu kupita kwa Mama Neema mpaka kwetu, kinyumenyume, mgongo umeinama, mbele ya macho ya watu wote. Mimi nilibeba mawe yaliyokuwa njiani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka bombani alisimama na ndoo yake.

"Koko, siku hizi unaifagilia serikali?"

"Namfagilia mgeni," Koko alijibu bila kuinuka. "Anakuja kila mara na hatujamwandalia njia hata siku moja. Ni aibu."

Yule mama alicheka, akakumbuka hatakiwi kucheka, akaondoka.

Alfajiri Mama Neema hakupiga yowe. Tulimkuta amekaa chini, kichwa cha yule mbuzi mwenye mimba mapajani. Masikio hayakuwepo. Koko hakumsemesha. Aliingia njiani, akainama, nami nikamfuata, na hata mimi wa mjini niliona: nyayo kubwa, mbele na nyuma sawa, vidole viwili vimetangulia, kucha zimechoma. Zilitoka pale chini ya geti jekundu ambapo udongo ulikuwa umefukuliwa, zikaja, zikarudi. Ilikuwa wazi kama maandishi ya ubaoni. Moyo wangu ulijaa. Nilimtazama Koko nikajua hakuna fisi wake, hakuwahi kuwepo, na sasa kila mtu ataona.

"Kimbia ukamwite balozi," aliniambia. Kisha akainua kichwa. "Ngoja."

Zilikuwa kengele za ng'ombe. Ng'ombe wa Mjomba walikuwa wanapanda njia ile, kundi zima, saa ambayo ng'ombe wa mtu mwenye akili hajatoka zizini. Hawajakamuliwa, matiti yamejaa, ndama wanalia huko nyuma. Koko alitazama kushoto, akatazama kulia, akaniambia, "Beseni!"

Nilikimbia nikaleta beseni la bluu nililokuwa naogea. Alichagua unyayo mmoja, kando kidogo ya njia, akaufunika nalo, akaweka jiwe juu. Ng'ombe wakatufikia. Tulijibana kwenye ua. Wakapita, kwato, vumbi, samadi, na walipokwisha hapakuwa na njia iliyofagiwa wala maandishi ya ubaoni. Beseni lilikuwa limesogea kidogo na kupasuka ukingo. Jiwe lilikuwa bado juu yake. Nyuma ya ng'ombe hakukuwa na mtu.

Koko alifuata njia waliyotokea, nami nyuma yake, mpaka mahali zilipoanzia alama za kwato. Pale, kwenye vumbi, palikuwa na alama za katambuga, sandali za tairi ambazo kila mwanamume kwetu anazo. Lakini mguu wa kulia ulikuwa umeelekea nje.

"Koko," nilisema, "hii ni ya—"

Akaweka mguu wake juu. Akausugua huku na huku mpaka pakawa vumbi tu.

"Hiyo si ya kusoma," alisema.

Wazee walipofika tuliwapeleka njiani. Kijiji chote kilikuwa kimekuja. Koko aliondoa jiwe, akainua beseni.

"Someni."

Ulikuwa mmoja tu, lakini ulikuwa mzima, kila kidole mahali pake. Balozi alichuchumaa. Alikohoa, akatazama, akakohoa tena. Nilimwona jicho likienda kwenye geti, kisha kwenye bomba, kisha likirudi chini.

"Fisi," akasema. "Mdogo."

"Fisi mdogo," Koko alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi. "Na mguu wake wa nyuma uko wapi, tulinganishe?"

"Si ng'ombe wamekanyaga, mama."

"Ng'ombe wa nani hao wanaokwenda machungani na maziwa tumboni?"

Mjomba Lesikar alikuwa anautazama Mlima Meru kana kwamba umejengwa jana.

"Ni mbwa!" nilipiga kelele. "Wote mnajua ni mbwa!"

"Haya, mtaalamu wa Sekei," mtu alisema nyuma, "kwenu huko mnafuga nini, magari?" Watu wakacheka. Walicheka kwa nguvu, walihitaji sana kucheka, na balozi akatumia kicheko kile kumalizia. Alisema hakuna anayemfukuza mtu, ila kwa amani ya kijiji Koko akapumzike mjini kwa binti yake, kesho, mpaka hali itulie.

Wakati watu wanatawanyika, Mama Neema alipiga magoti. Aliweka kiganja chake kando ya ule unyayo, damu ya mbuzi ikiwa imekauka kwenye kucha zake. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akasimama, akakung'uta kanga yake, akaenda zake bila kutuangalia. Nilimchukia.

Jioni ile Koko hakufagia. Fagio lilikuwa limeegemea ukuta, naye alikuwa ndani anakunja blanketi, anazifunga kwa kamba, mimi nimekalia begi ili zipu ifunge. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni. Ndipo tuliposikia. Shwaa. Shwaa. Shwaa.

Tulitazamana. Nilikwenda dirishani. Kwa Mama Neema, kiza kinaingia, mtu alikuwa ameinama uwanjani mwake, anarudi kinyumenyume. Na baada ya muda, ng'ambo ya migomba, fagio la pili. Kisha la tatu, chini huko, karibu na korongo.

"Koko! Wanafagia!"

Hakuinuka. "Tulia," alisema. "Huenda wanafuta." Lakini mikono yake ilikuwa imeacha kukunja.

Asubuhi ilipofika, akina mama walikuwa wamesimama kila mmoja mlangoni kwake, hakuna aliyekanyaga uwanja. Mbwa wale walikuwa wametembea usiku kucha, bila kukuta kitu cha kuua, maana watu walikuwa wamelala na mbuzi jikoni. Walipita nyumba hii, wakazunguka ile, na kila uwanja ulikuwa umewaandika. Ng'ombe wa Mjomba wangeweza kukanyaga njia moja. Wasingeweza kupita katika uwanja wa kila mwanamke kijijini.

Akina mama walichukua ndoo zao, wakaenda bombani. Hawakuchota. Waliziweka ndoo chini, tupu, wakasimama mbele ya geti jekundu. Hakuna aliyeimba wala kupiga kelele. Mlinzi alifungua kidirisha.

"Kuna nini, akina mama?"

"Mwambie Bosi wako," alisema Mama Neema, "kuna fisi anaingia kwake kwa chini ya geti. Tumeona nyayo. Sisi tunamwonea huruma, mali yake yote hiyo, na mbwa wake wazuri. Azibe leo."

Mlinzi aliwatazama. Akatazama ndoo tupu. "Fisi," alisema.

"Fisi. Mkubwa tu."

Pakazibwa kwa zege siku ile ile, na kuanzia hapo mbwa walifungwa minyororo. Mbuzi hawakufa tena. Koko alifungua blanketi zake. Hakuna aliyemwomba radhi, kwa sababu gani, si fisi ameondoka? Jumapili iliyofuata balozi alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa kumfukuza mnyama yule, na Mjomba akaitikia amina kwa sauti nzito. Koko akasema amina na yeye. Mkoba wake ulikuwa umerudi mapajani. Kwenye nafasi yake alikuwa amekaa Mama Neema.

Mpaka leo kijijini wanausimulia ule mwaka wa fisi wa kutumwa, na jinsi maombi yalivyomshinda. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilifoka sana juu ya jambo hili. Nilisema ni ujinga, ni giza, watu waelimishwe. Sasa sisemi hivyo. Ingekuwa ujinga ningesamehe. Wale hawakushindwa kusoma. Walisoma vizuri kuliko mimi, kisha wakatafuta imani iliyo karibu wakakifunika nayo walichosoma, kwa sababu mbwa alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na maji. Mjane hakuwa na bomba. Siku hizi mtu akiniambia "hiyo ni mila" au "hiyo ni imani ya watu," kitu cha kwanza ninachouliza ni nani anakaa nyuma ya geti.

Na akina mama wale? Niliwahi kuwalaumu kwamba nao walisema fisi. Lakini waliacha baraka zao zifagiwe nje, mbele ya waume zao, wakabaki na uwanja unaosema. Mimi nilisema mbwa kwa sauti ya juu nikachekwa. Wao walisema fisi, na pengo likazibwa.

Kinachonikosesha raha zaidi ni ule unyayo wa katambuga ambao Koko aliufuta. Yeye aliyewaambia wengine wasome. Nimejibishana naye kichwani miaka mingi: wao walificha kwa ajili ya maji, wewe ulificha kwa ajili ya mtoto, tofauti iko wapi? Ana kwa ana sikuthubutu. Mjomba huja kila Krismasi na mguu wa mbuzi, anavua katambuga zake mlangoni, anainamisha kichwa, na mkono wa Koko unakaa pale utosini muda mrefu.

Sasa Koko hawezi kuinama. Nikiwa likizo ninamfagilia mimi, jioni, kinyumenyume, na alfajiri ninatoka kusoma, narudi kumweleza akiwa kitandani. Likizo hii iliyopita nilitoka kama kawaida, nikazunguka mpaka nyuma, kwenye jiwe la mpaka upande wa geti jekundu. Pale palikuwa na alama za viatu vya mjini, vyenye ncha. Pembeni yake katambuga, mguu wa kulia umeelekea nje. Walikuwa wamesimama muda, na jiwe la mpaka lilikuwa limefukuliwa upande mmoja.

Nilisimama pale nikiwa na mguu wangu tayari, nikijua inavyofanywa. Kisha nikarudi ndani.

"Nani amepita?" Koko aliuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia vyote, viatu, jiwe, na mguu wa kulia.

Nje jogoo wa Mama Neema aliwika, akarudia. Koko aliutafuta mkono wangu juu ya blanketi akaushika, muda mrefu, kama anatafuta ninachoficha, na safari hii hakukuta kitu.

"Lile beseni la bluu," alisema, "bado lipo?"